Jina lililoandikwa kwenye raba hii, LI-NING, ni la mtu kweli?

Muuza Raba wa Karume

Wakuu, habari za jioni. Mimi nauza viatu vya mtumba pale Karume, Ilala, huu mwaka wa tisa. Juzi nimefungua belo la raba, ndani nikakuta pea moja nyeupe, saizi 42, soli haijaliwa kabisa. Nadhani mwenyewe alivaa mara mbili tatu akaziweka. Nimezipiga brashi, nimeosha kamba, zimetoka safi. Ubavuni kuna mstari uliopinda, kwenye ulimi pameandikwa LI-NING.

Wateja wanazishika, wanazigeuza, wanazirudisha. Mmoja kaniambia, "Hiyo ya Kichina tu, haina jina." Mwenzangu wa meza ya pili akasema hapana, hilo ni jina la mtu, alikuwa bingwa wa jimnastiki wa China, tena wa Olimpiki.

Naomba mwenye kumjua anieleze. Alishinda nini hasa? Na ilikuwaje jina la mtu wa kuruka na kubinuka likaishia kwenye kiatu? Siulizi kwa ajili ya kuuza peke yake. Nyumbani ninaishi na mpwa wangu wa miaka 13, mtoto wa marehemu dada yangu, na mambo haya ya sarakasi ndiyo yalikuwa maisha yake.

Kijana wa Sinza

Ni mtu, mkuu. Alipata dhahabu sita Los Angeles 1984, akastaafu, akafungua kampuni ya vifaa vya michezo. Ni tajiri mkubwa. Raba zake mpya dukani si za bei ya chini, kwa hiyo hiyo pea usiitupe kwa elfu 15.

Kocha wa Temeke

Ndugu muuza raba, asante kwa swali. Mimi nafundisha watoto sarakasi huku Temeke. Nina miaka 59, na jina hilo ninalo kichwani tangu nikiwa na 18.

Kwanza nimsahihishe kidogo kijana wangu wa Sinza. Los Angeles alipata medali sita, dhahabu zikiwa tatu. Watu wengi wanachanganya hapo kwa sababu miaka miwili kabla yake, 1982, kwenye Kombe la Dunia kule Zagreb, Li Ning alichukua dhahabu sita kati ya saba zilizokuwa zinagombewa. Alikuwa na miaka 19. Kwao China wakampa jina la mwana wa mfalme wa jimnastiki. Kwa hiyo sita ni ya Zagreb, tatu ni ya Los Angeles.

Alizaliwa 1963 mkoa wa Guangxi, kusini mwa China, na ni wa kabila la Wazhuang. Alianza mazoezi akiwa mtoto mdogo wa shule, na 1980 akaingia timu ya taifa. Hayo ya utotoni sina mengi ya kuongeza. Nieleze nilivyomjua mimi.

Mwalimu wangu wa sarakasi, Mungu amrehemu, alikuwa mmoja wa vijana waliopelekwa China miaka ya 60, enzi za Mwalimu Nyerere, kwenda kuisomea kazi hii. Waliporudi ndipo nchi ikapata kundi lake la taifa la sarakasi. Watoto wa siku hizi wakiona vijana wanapanda mnara wa watu na kurusha sahani wanadhani ni mchezo wa mtaani tu. Una shule yake, na shule yenyewe ilianzia China. Mwalimu alikuwa anatuhesabia kwa Kichina: yi, er, san, yaani moja, mbili, tatu. Ikifika san uwe umeshasimama kwa mikono, miguu imebana, vidole vya miguu vimenyooka. Asiyenyoosha vidole, anashuka, anaanza upya. Hakuwa anapiga mtu. Alikuwa anahesabu tena, taratibu zaidi.

Mwaka 1984 huku bara hatukuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo, sisi Dar tulikuwa na redio na gazeti. Redio ilitangaza riadha na ngumi, jimnastiki hakuna aliyeitaja. Habari za Li Ning zilitufikia miezi kadhaa baadaye, mwalimu alipokuja mazoezini na jarida la picha kutoka China, amelifunga kwenye gazeti lisichafuke. Akatukalisha chini ya mwembe, akafungua katikati.

Ile picha naiona mpaka leo. Kijana mfupi, mikono minene, yuko juu ya farasi. Simaanishi mnyama: ni kifaa kirefu kilichofunikwa ngozi, kina vishikio viwili juu yake. Mkono mmoja umeshika kishikio, mwingine uko hewani, miguu imefunguka kama mkasi, na mwili wote umebebwa na ule mkono mmoja. Mwalimu akaweka kidole pale mkononi akatuuliza, "Hapa pana nini?" Tukasema mkono. Akasema, "Hapa pana bega, mgongo na tumbo. Mkono unashika tu." Kisha akatuambia wote tuinuke, tusimame kwa mikono mpaka atakapofunga jarida. Akawa analifunua ukurasa mmoja mmoja, hana haraka.

Dhahabu zake tatu za Los Angeles ni hizi: sakafuni, farasi na pete. Wakati ule alama za juu kwa kila zoezi zilikuwa 10, na kwenye fainali ya kifaa walijumlisha na za awali, jumla ikawa 20. Sakafuni alipata 19.925. Kwenye farasi 19.950, akalingana na Peter Vidmar wa Marekani, wakasimama wawili kileleni. Kwenye pete 19.850, akalingana na Koji Gushiken wa Japani, wakasimama wawili tena. Hebu fikirieni: katika 20 nzima kwenye farasi walimkata nukta 0.050 tu.

Medali tatu nyingine: fedha mbili, ya timu na ya kuruka farasi (hapa unakimbia na kukiruka kifaa, hakina vishikio), na shaba ya bingwa wa jumla, yule anayecheza vifaa vyote sita. Gushiken alimaliza na 118.700, Vidmar 118.675, Li Ning 118.575. Mwalimu alipotusomea namba hizo alisema tofauti ile ni ya kidole cha mguu kisichonyooka. Tangu siku hiyo hakuna aliyebishana naye habari za vidole.

Sasa kuhusu kiatu. Mwisho wa 1988 alistaafu, akaenda kufanya kazi kwenye kampuni ya vinywaji ya Jianlibao, mkoa wa Guangdong. Mwaka 1990 akaanzisha kampuni ya nguo na viatu vya michezo kwa jina lake mwenyewe. Mwaka huohuo Beijing waliandaa Michezo ya Asia, na nguo zake zikavaliwa kwenye mbio za mwenge wa michezo ile. Kampuni ikakua, 2004 hisa zake zikaanza kuuzwa soko la Hong Kong, na 2012 ikamchukua mchezaji wa kikapu Dwyane Wade wa Marekani. Kwa hiyo huyo mteja aliyesema haina jina, mwambie jina analo mkononi, asome.

Na mke wake, Chen Yongyan, naye ni mwanajimnastiki. Alikuwa kwenye timu ya wanawake wa China iliyopata shaba Los Angeles hiyohiyo. Watu hawamtaji, mimi namtaja.

Msomaji wa Magazeti ya Kale

Kocha, umeeleza vizuri, lakini tuseme lote. Los Angeles 1984 Warusi hawakwenda. Umoja wa Kisovieti na washirika wake karibu wote waligoma, na wao ndio waliokuwa wababe wa jimnastiki. Dmitry Bilozerchev, aliyekuwa bingwa wa dunia 1983 akiwa kijana wa miaka 16 tu, alibaki nyumbani. Angekuwepo, hizo dhahabu zingegawanywa vingine. Simvunjii heshima Li Ning. Nasema tu hesabu ya 1984 ina pengo.

Kocha wa Temeke

Ndugu msomaji, pengo lipo na siwezi kulikana. Sisi Watanzania tunajua kugoma kunamfanyia nini mwanamichezo: 1976 hatukwenda Montreal, na Filbert Bayi akiwa ndiye mwenye rekodi ya dunia ya mita 1500 akabaki nyumbani. Sababu ilikuwa ya haki, ila miguu yake haikurudishiwa mwaka ule. Kwa hiyo namwonea huruma Bilozerchev kama ninavyomwonea Bayi.

Lakini Li Ning usimpime kwa Los Angeles peke yake. Budapest 1983, kwenye mashindano ya dunia, Warusi walikuwepo, huyo Bilozerchev akiwemo, na timu ya wanaume ya China iliwapita ikachukua dhahabu ya timu. Li Ning alikuwa kwenye timu hiyo. Montreal 1985, mashindano ya dunia tena, dhahabu ya pete alilingana na Yuri Korolev wa Umoja wa Kisovieti. Kwenye pete, mwaka baada ya mwaka, ukitaja waliokuwa juu duniani humruki. Kuna miondoko ya pete ambayo mpaka leo kwenye kitabu cha waamuzi inaitwa kwa jina lake.

Niwaeleze kidogo pete ni nini, maana nimeijua kwa maumivu. Zinaning'inia mita 2.80 kutoka chini, kila moja upana wake wa ndani ni sentimita 18, na hazikai. Baa, ile fimbo ya chuma iliyofungwa juu, ukiishika inakusubiri. Pete ukizishika zinakukimbia, kila moja na njia yake. Sisi mwaka 1985 tulikwenda kwa fundi vyuma Gerezani, akatukunjia nondo mbili za milimita 12, tukazizungushia mpira wa baiskeli, tukazifunga kwa kamba ya katani kwenye ule mwembe. Mikono tulipaka choki za ubaoni tulizosaga. Siku ya kwanza nilijiinua mpaka mikono ikanyooka, pete zikaanza kutetemeka, tetemeko likapanda viwikoni, likafika mabegani, nikashuka mwenyewe kabla ya kuhesabu tano. Mwalimu akasema yule kijana wa kwenye jarida akifika juu pete zinatulia kama zimepigwa msumari hewani. Nilijaribu mwaka mzima. Zilitulia mara moja, jioni moja, nadhani ni kwa sekunde tatu, na hakukuwa na mtu mwingine uwanjani.

Muuza Raba wa Karume

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma yote mara mbili hapa mezani, wateja wananisubiri.

Sasa niseme kilicho moyoni. Huyu mpwa wangu alikuwa kwenye kikundi cha sarakasi huku Mbagala. Miezi minne iliyopita walialikwa kwenye sherehe ya shule moja. Yeye ndiye mdogo, kwa hiyo ndiye wa juu kabisa kwenye mnara. Watu watatu chini, wawili katikati, yeye kileleni. Alipoinua mikono kusalimia, wa katikati akayumba, mtoto akaja chini kwa ubavu. Ilikuwa sakafu ya saruji na mkeka tu. Alivunjika mfupa wa mkono, umeunga vizuri, daktari kasema yuko sawa. Ila waliokuwepo walicheka, mzee wangu. Mtoto analia chini, watu wazima wanacheka, mwingine anapiga video, na ile video ikazunguka kwenye simu za wenzake darasani.

Tangu siku hiyo hataki kusikia sarakasi. Zamani alikuwa hawezi kupita kwenye mchanga bila kupiga samasoti. Tulikuwa tukienda Koko Bichi siku za sikukuu, nilikuwa namshikia shati muda wote. Sasa anatembea kama mzee.

Jirani yangu wa meza alisema huyu Li Ning naye alianguka mbele ya dunia nzima. Ni kweli? Alianguka vipi, na walimfanyaje?

Kocha wa Temeke

Marahaba mwanangu. Pole sana, na mpe pole kijana.

Ni kweli. Ilikuwa Seoul, 1988. Alikuwa na miaka 25, ana majeraha, mwili umeshachoka, na kwenye jimnastiki ya wanaume wa wakati ule huo ulikuwa umri wa kuondoka. Lakini China ilikuwa inamhesabia yeye. Miaka minne nyuma walikuwa wamerudi na dhahabu 15 na jina lake lilikuwa mdomoni mwa kila mtu.

Kwenye pete, kifaa chake mwenyewe, kile alichokuwa anakitawala, mguu ulinasa kwenye pete. Kisha zamu ya kuruka farasi akatua vibaya, akaketi kwenye godoro mbele ya kamera. Timu ya wanaume ya China ikamaliza ya nne. Nchi nzima ikarudi kutoka Seoul na dhahabu tano tu, na katika jimnastiki moja peke yake, ya Lou Yun kwenye kuruka farasi.

Alipoanguka, aliinuka akitabasamu. Hilo ndilo lililowaudhi watu wa kwao kuliko kuanguka kwenyewe. Wakasema anacheka wakati taifa linalia. Yule waliyemwita mwana wa mfalme wakamwandikia barua za matusi. Mimi kila nikifikiria tabasamu lile naona kitu kingine. Mtu anayefundishwa tangu utotoni kwamba ukimaliza zoezi unasimama wima, unainua mikono, unawaangalia waamuzi usoni, akianguka mwili wake unafanya hivyohivyo. Na mwenzake aliyeko benchi anayesubiri zamu anamwangalia yeye. Ukiinuka unalia, unamwangusha na yeye. Mwalimu wangu alitufundisha vivyo hivyo: inuka, salimia, ndipo ukalie nyuma ya pazia.

Kwa hiyo mwambie kijana wako, wote wawili walichekwa na kusemwa vibaya, ila makosa yao si sawa. Li Ning alikosea mwenyewe. Yeye hakukosea kitu. Kijana wa juu hawezi kuyumba peke yake, anayumbishwa. Hilo mwambie kwa maneno hayohayo, maana naamini hakuna aliyemwambia. Watoto wa juu huwa wanadhani mnara ukianguka ni wao walioangusha.

Na nikueleze mwisho wa Li Ning uwanjani, kwa sababu niliuona kwa macho yangu. Ilikuwa tarehe 8 Agosti 2008, siku ya Nane Nane, watu hawaendi kazini. Beijing walianza sherehe ya ufunguzi wa Olimpiki saa mbili usiku kwao, huku kwetu saa tisa alasiri. Nilikuwa saluni kwa kinyozi wangu, hapa hapa Temeke, amejaza watu, na mimi nimekaa kwenye kiti cha kunyolea na kitambaa shingoni tangu saa tisa, sijanyolewa. Sherehe ikaenda, ngoma, fataki, nchi zote zikapita, ya kwetu ikapita tukashangilia. Jua likazama. Saa moja jioni hivi, mwenge ukamfikia mtu wa mwisho.

Walipomwonyesha usoni nikainuka na kitambaa changu shingoni. Nikasema, "Huyo Li Ning!" Saluni nzima hakuna aliyemjua. Alikuwa na miaka 45. Wakamfunga waya, wakamwinua mpaka juu kwenye ukingo wa paa la uwanja ule wa Kiota cha Ndege, halafu akaanza kukimbia hewani, ubavu, akizunguka uwanja mzima, mwenge mkononi, na nyuma ya miguu yake picha za safari ya mwenge zinafunguka kama mkeka mrefu unaokunjuliwa. Anakimbia polepole sana, hatua ndefu. Wengine walisema ni waya tu unambeba. Mimi nilikuwa naangalia tumbo na mgongo. Ukining'inizwa kwa waya mwili unataka kukunjika katikati kama nguo kwenye kamba. Yeye alinyooka duara zima, mkono wa mwenge haukushuka. Miaka ishirini kamili baada ya Seoul. Kisha akauwasha.

Kinyozi akaniuliza kwa nini nalia. Nikamwambia nimemkumbuka mwalimu wangu, na ndivyo ilivyokuwa.

Mama Muuguzi, Kigamboni

Kocha, shikamoo. Nimefuatilia toka mwanzo na nimeguswa. Lakini mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya mifupa miaka mingi, kwa hiyo mniruhusu niseme la upande wangu kabla mtoto hajarudishwa juu ya mnara.

Mnamkumbuka Sang Lan? Naye ni bingwa wa China. Mwaka 1998 alikwenda New York kwenye michezo ya Goodwill, ana miaka 17. Haikuwa hata kwenye mashindano, alikuwa anapasha misuli joto kwa ajili ya kuruka farasi. Akatua kwa kichwa, shingo ikaumia, akapooza kuanzia kifuani kwenda chini mpaka leo. Aliendelea na maisha, akasoma chuo kikuu, akafanya kazi ya utangazaji, na 2008 alibeba mwenge wa Olimpiki akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Namheshimu mno. Lakini alikuwa kwenye ukumbi wenye magodoro ya kila aina na walimu wamemzunguka, na bado ilitokea.

Sasa huyu wa kwetu alikuwa kwenye saruji na mkeka. Ndugu muuza raba, kilichovunjika ni mkono, mshukuru Mungu. Kabla hujamshawishi kurudi, uliza maswali. Chini kuna nini? Nani anasimama pembeni kumdaka? Wa katikati wana uzito gani, wamefanya mazoezi muda gani pamoja? Kama mwalimu wa kikundi hana majibu, mtoto abaki nyumbani. Na akianguka tena vibaya, msimwinue kwa kumvuta mikono. Alazwe vilevile, kichwa na shingo vishikwe visitikisike, mpaka afike mtu anayejua.

Kocha wa Temeke

Marahaba mama. Neno lako nalichukua lote, na hao waliompandisha mtoto juu ya saruji wamenikasirisha kuliko waliocheka. Sisi pia tulianza bila kitu, lakini mwembe wetu ulikuwa na mchanga chini yake, na kila asubuhi kazi ya wadogo ilikuwa kuchimbua ule mchanga kwa jembe uwe laini. Siku mchanga umeshikana kwa mvua, hatupandi. Mwalimu hakuwahi kutuvunjia sheria hiyo hata tulipoalikwa kwenye shughuli za wakubwa. Sasa tuna magodoro manne ya sponji, tumeyashona pamoja kwa turubai la lori. Si ya Olimpiki, ila yanapokea. Na kwenye mnara naweka wadakaji wawili, watu wazima, hawana kazi nyingine ila kumwangalia wa juu. Hawaangalii watu, hawapigi picha.

Muuza raba, mtoto asirudi kwenye mnara sasa. Simtaki juu. Mkono ulioungwa miezi minne hauhitaji mnara, unahitaji kazi ndogo ndogo. Mwezi wa kwanza ni chini tu: kupiga msamba, kujikunja mgongo, kujiviringisha kwenye godoro, kuegemea ukutani kwa mikono miwili kisha kuongeza uzito kidogo kidogo. Aende kwanza kwa daktari wake amwambie hivyo, daktari akisema bado, tutasubiri.

Na kama hataki kabisa, asilazimishwe. Aje akae tu aangalie wenzake. Mwaka jana nilikuwa na binti aliyekaa pembeni wiki sita, kazi yake kuhesabu. Nilimfundisha yi, er, san, akawa anawahesabia wenzake kwa sauti. Wiki ya saba aliingia mwenyewe.

Muuza Raba wa Karume

Mama, nashukuru. Nimeandika maswali yako yote kwenye daftari la madeni. Mzee wangu, nashukuru zaidi.

Jana usiku nimemsomea mpwa wangu kuanzia juu mpaka pale kwa kinyozi. Alikuwa amelala ameangalia ukuta. Nilipofika kwenye mguu ulionasa akageuka. Akaniuliza, "Mjomba, alinasa mguu gani?" Nikamwambia hawajasema. Akakaa kitako, akainua miguu yake miwili akaitazama, akaninyooshea wa kushoto, akasema lazima ulikuwa huu, kwa sababu akishuka anazungukia upande wa kulia. Sikuelewa chochote, ila alizungumza robo saa. Nilipomwambia lile neno lako, kwamba wa juu hayumbi peke yake, alinyamaza. Kisha akasema, "Nani kasema?" Nikamwambia kocha wa Temeke. Akaniambia nikuulize unafundisha siku gani.

Zile raba mteja wa leo alinipa elfu 40, nimekataa. Saizi 42 bado kubwa kwake, nimezifunga kwenye mfuko nimeziweka juu ya kabati. Naomba unielekeze, na kama kuna ada niijue. Na je, aje amevaa nini?

Kocha wa Temeke

Kesho nakutumia ujumbe wa pembeni nikuelekeze uwanja ulipo. Tunaanza Jumamosi saa kumi jioni jua likipungua, ada tutaongea nikishamwona. Kaptura na fulana inayobana mwili, kucha azikate, na picha ya mkono ile ya hospitali uibebe niione.

Kuhusu mguu ulionasa, mwambie nimelisikia swali lake na nitamjibu tukiwa uwanjani, maana kwenye kuandika halielezeki.

Viatu aache nyumbani. Huku tunaingia peku.